Acheni Kujenga Makasri Matema!

Jamaa mmoja wa Kyela alikaa mezani, akakohoa kidogo, akaanza kutusimulia. "Ni usiku. Theluji inaanguka. Mbele yenu kuna kasri la mawe, na ndani ya kasri joka jekundu limelalia dhahabu." Tulikuwa watano, tumebanana kwenye chumba cha kupanga Mbeya mjini, dadu ziko katikati ya meza, chai ya tangawizi inapoa. Nje mvua inapiga bati mpaka msimulizi inambidi apaze sauti.

Nikamwuliza: "Mshikaji, theluji umeiona wapi?"

Akacheka. "Kwenye sinema."

"Na mlima unaotumbukia ziwani mzimamzima, umeuona wapi?"

"Huo nauona tangu nizaliwe. Si nyumbani?"

"Sasa mbona haumo kwenye mchezo?"

Akanijibu bila kusita, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Nyumbani kuna nini, bwana? Nyumbani ni matope na mpunga."

Ndugu zangu watunzi chipukizi, mimi na yeye ni watu wa ufukwe mmoja, na hatujagombana. Ugomvi wangu ni na sentensi ile. Kwa sababu siyo yake peke yake. Ni ya kwetu sote.

Kwa wale ambao hawajaucheza mchezo huu, nieleze kwa kifupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, yeye ndiye anayeijua dunia yote ya hadithi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, anasema na kutenda kwa niaba ya mhusika huyo. Msimulizi anauliza: unafungua mlango au unakimbia? Unajibu. Panapokuwa na mashaka, dadu zinarushwa, nazo ndizo zinazoamua. Hakuna skrini, hakuna umeme. Mchezo wa kwanza wa namna hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Bibi zetu wangeuelewa kwa dakika tano tu: ni hadithi ambayo ukishaitikia "hadithi njoo," unatakiwa uingie ndani mwenyewe.

Sasa kila kijiwe cha wachezaji kina swali lake pendwa. Ukiambiwa uchague dunia yoyote ile ya kuchezea, mandhari ya ndoto zako, ungechagua ipi? Nimelisikia swali hili mara nyingi, na majibu nayajua kwa moyo. Makasri ya Ulaya. Mabaharia wa Viking. Samurai wa Japani. New York ya mwaka 3000. Sijamsikia hata mmoja aliyesema Ipinda. Na hao wanaojibu ni vijana waliooga Ziwa Nyasa, waliovushwa mto Mbaka mgongoni mwa baba zao, walioamka kila asubuhi wakiitazama Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji kama ukuta.

Eti ndivyo mchezo ulivyo, wanasema. Eti baba wa mambo haya ni Tolkien, na Tolkien ameandika makasri.

Haya, tumzungumze huyo Tolkien. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Mwafrika mwenzetu kwa kuzaliwa! Akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka mitatu. Alipokua na kushika kalamu aliandika nini? Aliandika vilima, mashamba na vinu vya kusagia vya kule alikolelewa. Kitabu chake cha The Hobbit kilipotoka 1937, Waingereza walikuta mle ndani watu wafupi wanaopenda chai, bustani na kuvuta kiko. Walijikuta wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kumwiga Tolkien kweli aandike ya kwao. Ukichukua theluji yake tu umeiga koti, mwenye koti umemwacha.

Wala msiniambie kwamba Kiswahili hakina kawaida ya kubuni dunia. Shaaban Robert alituchorea Kusadikika, nchi inayoelea angani, katika kitabu kilichotoka 1951. Wajumbe sita wanatumwa: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Wanarudi na mawazo ya kuinufaisha nchi, na malipo yao ni kufungwa. Kama hiyo siyo safari ya kuchezwa mezani wiki sita mfululizo, basi mimi sijui mchezo ni nini. Kezilahabi naye katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alivunja mpaka kati ya kuota na kuwa macho. Tumerithi nyumba kubwa, sisi tumelala barazani kwa jirani.

Lakini sikushika kalamu kuwasema wapenzi wa makasri tu. Hao ni rahisi. Wako wenzetu walioamka, wanaosema "tutumie Afrika yetu," na nao nina neno nao.

Wanachofanya wengi wao ni hiki. Wanamtoa joka, wanamweka chatu. Wanamtoa mfalme, wanamweka mtemi. Mchawi wa kofia ndefu anakuwa mganga wa hirizi, upanga unakuwa mkuki, basi, eti Afrika imeingia. Mwaka 2002 kilitoka Marekani kitabu kinachoitwa Nyambe, kimelifanya bara letu zima kuwa dunia moja ya mchezo. Nia ya mtungaji sina shaka nayo. Lakini chini ya ngoma na vinyago, mashine inayozungusha mchezo ni ileile ya Dungeons & Dragons.

Na mashine hiyo inasemaje? Katika sheria za awali za mchezo huo, mhusika hupanda ngazi kwa mambo makubwa mawili: kuua viumbe na kutoka na dhahabu. Tazameni basi shujaa wake ni nani. Ni mtu asiye na kwao. Anakutana na wageni wenzake baa. Wanaingia katika makazi ya wengine, wanaua, wanabeba, wanaondoka. Kadiri wanavyobeba ndivyo wanavyokuwa wakubwa.

Ndugu zangu, sisi wa ufukwe huu watu wa namna hiyo tunawajua kwa majina. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliweka ngome karibu na Karonga, na mwaka 1887 akajitangaza sultani wa nchi ya Wangonde. Aliwinda watu na kuwauza mpaka Waingereza walipomkamata na kumnyonga Desemba 1895. Nao waliomnyonga hawakurudi kwao. Wakakaa, nchi ikawa yao. Kwa hesabu ya mchezo ule, Mlozi ni mhusika wa ngazi ya ishirini, na aliyemnyonga ni wa ngazi ya ishirini na moja. Wewe unayemvika shujaa huyo lubega na kumpa mkuki umebadilisha nini?

Hili ndilo nalolisema, na atakayelipinga aandike: mandhari si pazia la nyuma ya jukwaa. Mandhari ni sheria. Ni kujua nani anamdai nani, nani anakula na nani, aibu ni kitu gani, na ukikosea atakayekuuliza ni nani. Ukibadilisha pazia ukaziacha sheria, bado uko kwenye kasri.

Sasa turudi kwenye "matope na mpunga."

Katika miaka ya 1930 mama mmoja mtaalamu, Monica Wilson, aliishi na mumewe Godfrey miongoni mwa Wanyakyusa, wakaandika waliyoyaona. Kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla hajazaliwa: vijiji vya marika. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi au kumi na moja alitoka kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni. Walilala huko, na kwenda kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipokua wakaoa, vibanda vikawa kijiji kamili. Na ulipofika wakati, rika la baba lilikabidhi nchi kwa rika la wana. Raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao, ilikuwa na jina lake: ukwangala. Hii haikuwa starehe ya kupitisha muda. Ilikuwa wajibu. Anayekula peke yake alitia shaka.

Fikirini kimchezo. Wahusika wetu hawakukutana baa. Wamejenga kijiji pamoja wakiwa watoto wa miaka kumi! Swali la kwanza la msimulizi haliwezi kuwa "una silaha gani?" Litakuwa "jana ulikula wapi, na nani hukumwita?"

Kisha usiku unaingia. Wazee waliamini kwamba kijiji kina walinzi wake, abamanga, watu wanaowaona wachawi ndotoni na kupambana nao hukohuko ndotoni. Nguvu yao ilisemekana kuwa ni chatu aliye tumboni. Na mchawi je? Naye chatu. Silaha moja, kambi mbili. Tofauti ni kwamba mchawi anaitumia kwa uroho, kwa tamaa ya nyama na maziwa ya wengine, na mlinzi anaitumia kwa ajili ya kijiji. Tena kijiji chenyewe kilikuwa na silaha yake, pumzi ya watu. Majirani wakimnung'unikia mkosaji, manung'uniko yale yanamwingia kama baridi, anaugua. Ni haki hiyo, au ni wivu? Mpaka ulikuwa mwembamba, na watu wenyewe walijua kwamba ni mwembamba.

Mnaona? Mnatafuta mandhari ya ndoto zenu mkiwa mmekalia mandhari ambayo ndoto ndiyo uwanja wa vita.

Sikuishia kwenye maneno. Tulijaribu, palepale kwenye chumba cha kupanga. Tulifuta alama zote za kuua na za dhahabu. Kila siku ya mchezo tuliimaliza kwa mlo, na aliyemficha mwenzake chakula aliwekewa punje moja ya mchele kwa siri upande wa msimulizi. Usiku msimulizi alieleza shambulio la ndotoni: mlinzi anaona umbo, sura haioni. Asubuhi kijiji kinaulizana. Wawili wakikubaliana, wanaweza kumpumulia wa tatu. Dadu inasema ataugua au hataugua. Lakini dadu haisemi kama alikuwa na kosa.

Mara ya tatu tulimpumulia mhusika wa yule jamaa yetu wa Kyela. Ushahidi ulikuwa bomba: alionekana akila samaki peke yake nyuma ya mtumbwi. Dadu zikaanguka, akaugua, akafa. Mchezo ulipokwisha tukamwuliza kwa nini alijificha. Akasema, "Nyavu ilileta mbasa mmoja tu. Niliona haya kuja nao mbele ya wenzangu watano." Meza nzima kimya. Hakuna joka lililowahi kutunyamazisha vile.

Najua mtakayoyasema. Mlokole wa kwanza ameshainuka: huo ni ushirikina, mnacheza na moto. Dada yangu, kaka yangu, neno lako nalichukua kwa uzito kuliko unavyodhani. Katika nchi hii watu wanakufa kwa mambo haya. Vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Wenzetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Sheria ya Uchawi ipo vitabuni tangu 1928, na haikuzuia hayo yasitokee. Hapa hapana utani.

Kwa sababu hiyo naweka sheria moja, na hiyo siipunguzi hata kidogo. Msimulizi asitamke kamwe, mwanzo wala mwisho, kwamba fulani alikuwa mchawi. Hata akibanwa. Hata akihongwa chai. Siku atakapotamka "ndiyo, ni yeye," mchezo umegeuka ramli, na ramli chonganishi tunazo za kutosha. Wachezaji wabaki na mzigo wa mgonjwa waliyemwugusha na wasijue. Kijana aliyewahi kumwua rafiki yake mezani kwa sababu ya samaki mmoja, nina imani kwamba kesho mtaani wakipiga yowe "mchawi!" atasita kuokota jiwe. Kasri na joka havimfundishi kusita. Joka ni joka tu, unaliua unalala.

Pingamizi la pili lilitoka kwa dada yake jamaa, aliyekuwa akipita kuja kuchukua vikombe. Alisimama, akasikiliza, kisha akauliza: "Samahani kaka zangu. Hicho chakula mnachogawana kwa mbwembwe, nani amekipika?"

Tulitazamana. Hatukuwa na jibu, na mimi nakiri hapa kwamba vijiji vile vya marika vilikuwa vya wanaume. Wanawake waliletwa kwa ndoa. Basi mandhari ya kweli inakuonyesha na doa lake, ukilifuta unarudi kwenye pazia. Dada akaketi, mchezo ukabadilika. Mhusika wake alikuwa mwanamke wa Kikisi kutoka Ikombe, mfinyanzi, anayesafirisha vyungu kwa mtumbwi mpaka sokoni Matema. Kumbe yeye ndiye anayejua siri zote! Anaingia kila kijiji, anauza chungu kwa kila jiko, anajua nyumba gani imenunua chungu kidogo cha mtu mmoja. Sisi mashujaa tulikuwa tukinusa ndotoni, yeye alikuwa na hesabu mkononi.

Pingamizi la tatu: hayo ni ya kale, sisi ni vijana wa mjini. Vyema. Nendeni Kasumulu basi. Mto Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi, lakini mto haujui mpaka. Mafuriko yakija unahama njia, shamba lililolala nchi hii linaamka nchi ile. Na ziwa lenyewe lina majina mawili. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulipitisha mpaka ufukweni mwa upande wetu, Malawi inaushikilia, Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mvuvi anayetupa nyavu usiku ametupa katika nchi gani? Mchezeni huyo.

Mnataka meli na mizinga? Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, kusini ya hapa. Husimuliwa kwamba manahodha wawili wale walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na yule Mjerumani alikuwa hajaambiwa kwamba vita imeanza. Alitoka kwa hasira kumwuliza mwenzake kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Rafiki wa kula na kunywa anakugeuka kwa amri iliyotoka mbali: si ni ukwangala uleule umevunjika? Na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita ile isiyowahusu, nani amewahi kuwapa nafasi mezani? Watu husimulia kwamba Wajerumani walitupa fedha na silaha katika ziwa la Masoko, kule Rungwe. Mpenzi wa makasri atauliza nani ataipata hazina. Mimi nauliza nani aliibeba mpaka pale.

Wala sisemi kila mtu acheze Unyakyusa. La hasha! Wewe wa Pangani una yako, wewe wa Ujiji una yako, wewe wa Kariakoo una yako tena nyingi. Tena ukiivamia ya kwangu bila kuuliza wazee utafanya yaleyale ya bara zima katika kitabu kimoja. Nendeni kwenu. Msiulize "hadithi gani za mizimu zipo?" Ulizeni "zamani mtu akila peke yake ilikuwaje? Akikataa kuzika je? Deni lilirithiwa na nani?" Hapo ndipo sheria za mchezo wako zilipo. Pazia litajileta lenyewe.

Yule jamaa yetu tulimrudishia kiti cha msimulizi wiki iliyofuata. Alikohoa kidogo kama kawaida yake. "Ni alfajiri," akasema. "Mvua imekatika. Juu ya ziwa wale wadudu wadogo wameinuka kama moshi wa meli. Mpunga umelala majini. Jirani anapita mbele ya mlango wako na anakuamkia."

Sisi wa kwetu tunaamkiana "Ugonile?" Maana yake ni kuuliza mwenzako amelalaje. Kila asubuhi, kabla ya habari ya shamba wala ya watoto, mtu anaulizwa usiku wake. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Mnamjibu nini?"

Hakuna aliyezigusa dadu kwa muda mrefu. Tulikuwa tunamfikiria jirani yule, na samaki tuliyekula jana yake.